Wino na Karatasi Kuukuu: Namna Karatasi Iliyoandikwa Inavyorudishwa Kuwa Nyeupe

Karatasi ni kitu kilichozoeleka mno majumbani mwetu hata hatukifikirii tena. Asubuhi mtoto huenda chuoni na karatasi zake za fotokopi. Mchana baba hurudi na gazeti. Jioni mama hupokea barua ya skuli, bili ya maji na risiti ya dukani. Baada ya siku chache zote hizo huwa takataka, na mwisho wake katika nyumba nyingi ni mmoja kati ya mitatu: huchomwa uani, hutupwa jaani, au hufungiwa vitu vya kuliwa. Watu wengi wamekwisha sikia ya kuwa karatasi kuukuu yaweza kurudishwa kiwandani ikafanywa karatasi mpya, na kazi hiyo siku hizi huitwa kurejeleza. Lakini si wengi waliopata kuelezwa ugumu wa kazi hiyo uko wapi. Ugumu wake hauko katika karatasi. Uko katika wino.

Makusudio ya makala hii ni kueleza kwa maneno mepesi namna wino unavyotolewa katika karatasi iliyokwisha pigwa chapa, na khasa njia ya kutumia vimeng'enya. Mwishoni tutataja yanayotupasa sisi wenye nyumba, kwani njia hiyo, hata ikiwa nzuri namna gani, haifai kitu ikiwa karatasi imefika kiwandani imekwisha haribika.

KARATASI NI NINI?

Ukitaka kuijua karatasi, chukua kipande cha gazeti, ukichane polepole, kisha uutazame ukingo wake mbele ya mwangaza. Utaona vijinywele vidogo sana vimechomoza. Hivyo ndivyo karatasi yenyewe. Karatasi ni nyuzi ndogo za mimea. Urefu wa uzi mmoja ni kama milimita 1 katika miti ya majani mapana, na kama milimita 3 katika misonobari, nazo zimelazwa pamoja zikashikana zenyewe kwa zenyewe zilipokauka. Nyuzi hizo zimeumbwa kwa kitu kiitwacho selulosi, ndicho kile kile kilichomo katika pamba. Ukiitia karatasi majini na kuikoroga sana, nyuzi huachana zikawa uji; ukiutandaza uji huo juu ya chekeche na kuukausha, nyuzi hushikana tena, nayo ni karatasi nyingine. Jambo hilo ndilo linaloiwezesha karatasi kurejelezwa.

Watu walilijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 105 Cai Lun, mtumishi katika baraza la mfalme wa China, alimpelekea mfalme wake khabari ya karatasi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu za wavuvi. Katika karne ya 8 ujuzi huo ulikuwa umefika Samarkand na Baghdad, na neno letu lenyewe la karatasi limetokana na neno la Kiarabu, qirtas. Kwa muda wa mamia ya miaka karatasi za nchi za Kiislamu na za Ulaya zilikuwa zikitengenezwa kwa matambara; ilikuwa katika karne ya 19 ndipo viwanda vilipogeukia miti. Basi karatasi kuzaliwa kutokana na kitu kuukuu si jambo geni, bali ndiyo desturi yake ya asili.

Walakini uzi haudumu daima. Kila unaporejelezwa huzidi kuwa mfupi na mkavu, na nguvu yake ya kushikana hupungua. Wenye ujuzi husema uzi mmoja waweza kutumika mara 5 hadi 7 hivi, kisha huwa mfupi mno ukachukuliwa na maji. Kwa hiyo kila atakayeutoa wino kwa kuutesa uzi, ameuokoa mti kwa mkono mmoja na kuupoteza kwa mkono wa pili. Tuliweke akilini jambo hili, kwani ndilo linalotawala khabari yote ifuatayo.

WALIOANZA KUPAMBANA NA WINO

Huko Ulaya matambara yalipokuwa haba na vitabu vikazidi kupigwa chapa, watu walianza kuzitazama karatasi zilizokwisha tumika. Mwaka 1774, katika mji wa Göttingen nchini Ujerumani, mwanasheria aitwaye Justus Claproth alitoa kijitabu kilichoeleza namna ya kufanya karatasi mpya kutokana na karatasi iliyopigwa chapa, na kuuosha wino wake wote ukatoka. Mwaka 1800 Matthias Koops, aliyekuwa akikaa London, alipata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake wa kutoa wino wa chapa na wa kalamu katika karatasi na kuirudisha kuwa uji. Alifungua kiwanda Bermondsey, lakini biashara yake haikudumu miaka mingi. Hata hivyo swali lililowashughulisha watu wale wawili limebaki mpaka leo: utautoaje wino pasipo kuuharibu uzi?

WINO SI WA NAMNA MOJA

Kila aliyesoma chuoni kwa ubao anaujua wino wa masizi. Masizi huchanganywa na maji na gundi ya mti, na herufi zake hukaa ubaoni zikasomeka vizuri. Mwanafunzi akishahifadhi darsa yake, ubao huoshwa kwa maji matupu ukawa safi, akaandikiwa darsa nyingine. Kwa nini wino ule huosheka upesi hivyo? Sababu yake ni kwamba masizi yenyewe hayana nguvu ya kushika. Kinachoyashikisha ubaoni ni gundi, na gundi ile huyeyuka majini.

Hapa tunapata kanuni kubwa. Katika kila wino mna vitu viwili, rangi na kishikizo. Mwenye kutaka kuutoa wino asiitazame rangi, akitazame kishikizo.

Wino wa gazeti nao rangi yake nyeusi ni ya masizi, lakini kishikizo chake ni mafuta. Maji matupu hayauwezi, kama yasivyoweza sufuria yenye mafuta ya jana. Hutakiwa sabuni na magadi, na kwa hayo hulegea.

Wino wa fotokopi na wa printa ya leza ni jambo jingine kabisa. Asili ya mashine hizi ni kazi ya Mmarekani Chester Carlson, aliyefanikiwa kutoa nakala yake ya kwanza bila ya wino wa maji tarehe 22 Oktoba 1938, katika mtaa wa Astoria, New York. Mwaka 1959 ilitokea mashine ya Xerox 914, na tangu hapo fotokopi imeingia katika kila afisi, na baadaye katika kila skuli. Wino wake, unaoitwa tona, ni unga mkavu wa plastiki uliochanganywa na rangi. Mashine huumwaga unga huo mahali pa herufi, kisha huupitisha chini ya joto ukayeyuka na kugandamana na nyuzi. Basi herufi ya fotokopi haikunyonywa na karatasi. Ni kibandiko chembamba cha plastiki kilichoshikwa na nyuzi juu ya uso wa karatasi. Magadi hayaiyeyushi plastiki, wala sabuni haiiyeyushi.

NJIA YA DAWA KALI, NA MAHALI INAPOSHINDWA

Njia iliyozoeleka viwandani ni hii. Karatasi hutiwa katika pipa kubwa lenye maji ya moto, na ndani yake hutiwa kostiki soda, sodiamu silikati, haidrojeni peroksaidi na sabuni. Kostiki huvimbisha nyuzi na kuvunja mafuta ya wino. Lakini kostiki hiyo hiyo huigeuza karatasi ya gazeti kuwa ya manjano, na ndiyo sababu peroksaidi hutiwa pamoja nayo, ili kuurudisha weupe.

Uji ukishakorogwa hupelekwa katika birika ambamo hewa huvuviwa kutoka chini. Chembe za wino, kwa kuwa hazipendani na maji, hujibandika katika mapovu na kupanda nayo juu. Kule juu hukusanyika povu jeusi, likaenguliwa kama mpishi anavyoengua povu la nyama inayochemka. Nyuzi, ambazo hupendana na maji, hubaki chini.

Kazi hii ina masharti. Mapovu hubeba vizuri chembe zilizo na ukubwa wa baina ya maikromita 10 na 100 hivi; na maikromita moja ni sehemu moja katika elfu ya milimita, wakati unywele wa mtu huwa na unene wa kama maikromita 70. Chembe ndogo kuliko hizo huweza kuoshwa kwa maji mengi, na kubwa kuliko hizo huweza kuchujwa ikiwa zina umbo nene. Wino wa gazeti hukubali masharti haya. Tona haikubali. Hutoka katika vipande bapa kama magamba, vingine vikubwa mno hata mapovu hayawezi kuvibeba, na kwa wembamba wake huteleza katika chekeche. Vingine hubaki vimeng'ang'ania nyuzi, na uzi huo huvivuta chini. Matokeo yake ni karatasi yenye vidoadoa vyeusi, kama punje za pilipili manga katika wali.

Mwenye kiwanda akiona hivyo hushawishika kuzidisha nguvu: kukoroga kwa muda mrefu zaidi, kuzidisha kostiki, kuzidisha moto. Lakini kukoroga kupita kiasi huzikata nyuzi, na kostiki ikizidi huyachafua zaidi maji yanayotoka kiwandani, na maji hayo sharti yasafishwe kabla ya kumwagwa mtoni. Ndiyo maana kwa miaka mingi karatasi za afisi, ambazo nyuzi zake ni bora kuliko za gazeti, zilikuwa zikitumiwa katika kazi duni kuliko zilivyostahili.

KIMENG'ENYA NI KITU GANI?

Mpishi wa pwani akiwa na nyama ngumu ya mishkaki, huipaka papai bichi lililosagwa akaiacha kwa muda. Nyama hulainika bila ya moto na bila ya kupondwa. Ndani ya utomvu wa papai mna kimeng'enya kiitwacho papaini, nacho ndicho kinachokata protini za nyama. Mpishi huyo huyo anajua jambo la pili: nyama ikiachwa katika papai muda mrefu kupita kiasi, huvurugika ikawa haishiki kijitini. Mambo haya mawili, faida yake na hatari yake, ndiyo khabari yote ya vimeng'enya kiwandani.

Kimeng'enya si mdudu wala si kitu chenye uhai. Ni protini inayotengenezwa na viumbe hai, nayo huharakisha kazi moja maalumu, na kazi ikiisha chenyewe hubaki kama kilivyokuwa, kikaanza kazi nyingine ya namna ile ile. Kwa hiyo kiasi kidogo hutosha kwa kazi kubwa. Kila kimeng'enya kina kazi yake wala hakiingilii ya mwenziwe: papaini hukata protini; amilasi, iliyomo hata katika mate yetu, hukata wanga, na ndiyo sababu mkate ukitafunwa sana huanza kuwa mtamu; lipasi hukata mafuta; na selulasi hukata selulosi.

Selulasi hiyo ina kisa chake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia majeshi ya Marekani yalipigana katika visiwa vya bahari ya Pasifiki, na huko mahema na nguo zao za pamba zilikuwa zikioza upesi mno. Uchunguzi ulionyesha kwamba kuvu ndiyo iliyokuwa ikila pamba. Kuvu moja iliyopatikana katika kisiwa cha Bougainville ilihifadhiwa na wataalamu wa jeshi, nao waliendelea kuichunguza baada ya vita katika maabara ya Natick, Massachusetts. Mwaka 1977 ilipewa jina la Trichoderma reesei, kwa ajili ya kumkumbuka Elwyn Reese, mtaalamu aliyeishughulikia kwa miaka mingi. Kuvu hiyo iliyokuwa adui wa mahema leo ni mojawapo ya vyanzo vikubwa vya selulasi duniani, nayo hutumika katika kuilainisha nguo za jinzi, katika sabuni za kufulia, na katika khabari yetu hii ya karatasi.

NAMNA KIMENG'ENYA KINAVYOUTOA WINO

Hapa msomaji mwenye akili atauliza: ikiwa selulasi hukata selulosi, na karatasi ni selulosi, je, haitaila karatasi yenyewe?

Jibu lake ni kwamba itaila, ikiachwa. Lakini haiachwi. Hutiwa kiasi kidogo, katika maji ya vuguvugu ya kadiri ya nyuzijoto 45 hadi 55, kwa muda usiozidi saa moja kwa kawaida, huku uji ukikorogwa. Katika muda huo mfupi haipati nafasi ya kuingia ndani ya uzi. Hukata vijinywele vidogo vilivyo juu ya uso wa uzi, na vijinywele hivyo ndivyo vinavyokishika kibandiko cha tona.

Tuchukue mfano wa ukuta uliopakwa chokaa, kisha likabandikwa tangazo kwa gundi kali. Ukishindana na gundi utachoka. Lakini ukipitisha kisu chembamba katika ile chokaa iliyo nyuma ya gundi, tangazo litaanguka pamoja na gundi yake, na ukuta utabaki umesimama. Kimeng'enya hufanya vivyo hivyo. Plastiki haiguswi, kinachokatwa ni kile kilichoishika. Vipande vya tona vikishaachwa na nyuzi, mapovu huvipata vikiwa safi, havikuambatana na uzi unaovivuta chini, vikapanda juu na kuenguliwa.

Majaribio ya namna hii yalianza kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wataalamu wa Korea Kusini walitoa mwaka 1991 maelezo yao ya kutumia selulasi katika magazeti kuukuu. Huko Marekani, katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, ipo maabara ya serikali ya kuchunguza mazao ya misitu iliyofunguliwa mwaka 1910. Hapo Thomas Jeffries na wenzake walilishughulikia lile jambo lililokuwa gumu zaidi, yaani karatasi za fotokopi na za leza. Walilinganisha njia ya vimeng'enya na njia iliyozoeleka ya dawa, na mwaka 1994 walitangaza waliyoyaona. Katika uji uliotiwa vimeng'enya vidoadoa vilivyobaki vilikuwa vichache zaidi. Na maji yalichujika upesi zaidi kutoka katika uji, jambo ambalo kiwandani humaanisha moto mdogo zaidi wa kuikaushia karatasi. Wala nguvu ya karatasi haikupotea.

Tangu hapo njia hii imetoka maabara na kuingia viwandani, mara nyingine peke yake, na mara nyingi pamoja na dawa kidogo kuliko zamani. Vimeng'enya vingine navyo vimepewa kazi. Lipasi hutumika kuuvunja wino uliotengenezwa kwa mafuta ya mimea kama soya. Amilasi huuondoa wanga uliopakwa juu ya karatasi za afisi, na wino ulioshikwa na wanga huo hutoka nao. Ama gundi za bahasha, za vitabu na za vibandiko, ambazo zilikuwa zikinata katika mashine na kutoboa karatasi, zimepatiwa kimeng'enya cha namna ya esterasi. Kampuni ya Buckman Laboratories ya Memphis, Marekani, ilipewa mwaka 2004 tuzo ya taifa ya kemia isiyodhuru mazingira kwa sababu ya kazi hiyo.

MIPAKA YAKE

Si haki kuisifu njia hii bila ya kutaja mipaka yake, kwani msifu kupita kiasi humdanganya msikilizaji.

Kwanza, kimeng'enya huchagua mahali. Maji yakiwa ya moto mno hufa kazi yake. Yakiwa makali kwa magadi au kwa asidi, kadhalika. Karatasi nyingi za afisi siku hizi zimetiwa ndani yake unga wa chokaa ili ziwe nyeupe, na chokaa hiyo huyageuza maji yakawa ya magadi, hata zile selulasi zinazopenda asidi zikashindwa. Ilibidi watafutwe wenziwe wanaofanya kazi katika maji ya kati na kati.

Pili, kipimo. Kiasi kikizidi au muda ukizidi, yatatokea yale ya papai na nyama: nyuzi hulegea na karatasi hukosa nguvu. Kwa hiyo kazi ikishatimia, kimeng'enya huzimwa kwa moto au kwa magadi, kisiendelee kula.

Tatu, wino haupotei. Kimeng'enya hakiuli. Huondolewa katika uzi ukaingia katika povu, na povu likikaushwa huwa tope, na tope hilo lazima litafutiwe mahali pake. Anayesema kwamba njia hii haina uchafu amesahau kuliangalia tope.

Nne, vimeng'enya vikiwa katika hali ya vumbi huweza kumdhuru mwenye kuvivuta kwa pumzi. Mwaka 1969 madaktari wa Uingereza walieleza namna wafanyakazi wa viwanda vya sabuni walivyopatwa na ugonjwa wa kifua kwa sababu ya vumbi la vimeng'enya. Kutokana na mafunzo hayo vimeng'enya siku hizi huuzwa vikiwa maji, au punje zilizofunikwa zisipeperuke.

Pamoja na hayo yote, sio kila karatasi inayohitaji kutolewa wino. Trei za mayai, mathalan, hufanywa kwa magazeti na karatasi kuukuu bila ya kuusumbua wino wake, na ndiyo sababu ya rangi yake ya kijivu. Wino huondolewa pale inapotakiwa karatasi nyeupe: ya kuandikia, ya gazeti, au karatasi laini za kujifutia.

KARATASI ZENYE MANENO MATUKUFU

Hapo penye karatasi laini ndipo jambo hili linapogusa dini yetu. Katika Afrika Mashariki viko viwanda vinavyotumia karatasi kuukuu kutengeneza karatasi za chooni, na hiyo ni kazi halali yenye manufaa. Lakini katika nyumba ya Kiislamu na katika vyuo vyetu mna karatasi ambazo si kama nyingine: juzuu zilizochanika, kurasa za Msahafu zilizotoka, karatasi za fotokopi zenye aya, kalenda zenye jina la Mwenyezi Mungu.

Yamkini mtu akasema: wino si utaondolewa wote? Basi kuna ubaya gani? Jawabu ni kwamba kabla ya wino kuguswa na tone moja la maji, karatasi ile imekwisha tiwa katika gunia pamoja na kila takataka, imerushwa ndani ya lori, imemwagwa sakafuni, imekanyagwa na wachambuaji wasiojua kilichoandikwa. Heshima imekwisha vunjwa njiani, kabla ya kufika kiwandani.

Wanavyuoni wetu wametaja njia za kuzihifadhi karatasi za namna hii zinapochakaa: kuuosha wino wake kwa maji, kuzichoma, au kuzizika mahali safi pasipokanyagwa, na inajulikana kwamba Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) alipoeneza Misahafu aliamuru nakala nyingine zichomwe. Wametofautiana katika iliyo bora zaidi kati ya njia hizo. Ama iwapo kazi ya kiwanda inahesabiwa kuwa ni kuosha, hilo si la kuamuliwa na kiwanda wala na mwenye kuandika makala. Mwenye kutaka hukumu yake na amuulize mwanachuoni anayemwamini. Lakini jambo lisilo na shaka ni kwamba karatasi hizo sharti zitengwe nyumbani, zisichanganywe na nyingine tangu siku ya kwanza. Kila nyumba na kila chuo kiwe na kisanduku chake maalumu kwa ajili yake.

YANAYOTUPASA MAJUMBANI

Tumeona ya kwamba kimeng'enya hufanya kazi yake juu ya uzi ulio mzima. Hakimsaidii aliyeleta karatasi iliyoloa, iliyoota ukungu au iliyoshiba mafuta ya sambusa. Mafuta ya chakula yakishaingia katika nyuzi huharibu uji mwingi kuliko karatasi yenyewe. Basi kazi ya kutoa wino huanzia nyumbani, na mambo yake ni machache na mepesi.

La kwanza, karatasi zikae pakavu, katika kikapu au sanduku mbali na jiko na mbali na pipa la maganda. La pili, zigawanywe: magazeti upande mmoja, daftari na karatasi za fotokopi upande wa pili, maboksi upande wa tatu, kwani kila wino una dawa yake, na nyuzi bora zikichanganywa na duni, zote huhesabiwa duni. La tatu, zitolewe vifuniko vya plastiki vya daftari. Pini ndogo za stepla si tatizo kubwa, kwani chuma huchujwa kiwandani, lakini plastiki na gundi husumbua.

La nne, ziko karatasi zisizofaa kuingizwa: karatasi zilizopakwa nta au plastiki, zilizokwisha futiwa uchafu, na zile risiti laini za mashine ambazo herufi zake hutokea kwa joto. Risiti hizo nyingi zimepakwa dawa za jamii ya bisfenoli, na nchi za Umoja wa Ulaya zilianza mwaka 2020 kuiwekea mpaka mmojawapo wa dawa hizo katika risiti, kwa ajili ya kuwakinga watu. Zikiingia katika uji, dawa hiyo huenea katika karatasi nyingine.

La tano linahusu jiko. Gazeti si kitambaa cha kufungia chakula. Mafuta ya wino wake hayakauki yakawa jiwe. Chakula cha moto chenye mafuta huyavuta. Mwaka 2016 idara ya serikali ya India inayosimamia usalama wa chakula iliwaonya watu juu ya desturi hiyo, nayo ni desturi iliyo kwetu pia, kwa bajia, mahamri na karanga. Mama mwenye kuuza maandazi atafute karatasi isiyopigwa chapa. Na gazeti alilokuwa akilitumia litafaa zaidi likiwa safi ndani ya gunia la karatasi kuukuu kuliko likiwa limelowa mafuta jaani.

La mwisho ni watoto. Mtoto aliyeonyeshwa vijinywele vya karatasi katika mwangaza wa dirisha, akaambiwa kwamba kila kijinywele kilikuwa sehemu ya mti na kwamba chaweza kutumika mara tano au zaidi, hatakunja daftari lenye kurasa ishirini tupu akalitupa. Atazimaliza kurasa hizo kwanza. Kurasa hizo tupu hazihitaji kimeng'enya, wala kostiki, wala kiwanda. Na karatasi nyepesi kuliko zote kutolewa wino ni ile ambayo bado haijaandikwa.